Alama Nyeupe Kwenye Genge

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na ufa umeonekana. Uko pale njia ya genge, ukingo wa jabali, inapoikaribia bahari kuliko mahali pengine pote, kwenye kona ambayo wageni wote husimama kupiga picha. Mkono wangu umeingia hadi kwenye kiwiko. Nililala kifudifudi nikachungulia chini. Mawimbi yamekula jabali kwa ndani, na sakafu tunayokanyaga imebaki haina nguzo.

Nilimpigia simu bwana misitu, mkubwa wetu wa kazi. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, akatazama, akarudi nyuma taratibu bila kugeuka. "Funga," alisema. "Leo hii. Wapitishe juu, msituni."

Kaka alikuwepo. Yeye hushika upande wa baharini wa njia hii na mimi hushika upande wa mlimani. Ndivyo baba alivyotugawia alipostaafu. Kaka alikubali kwa kichwa. Aliyesema ni mkewe, maana kibanda chake cha chai kiko mbele kidogo ya kona, na njia ya juu inatokea mbali nacho, kule barabarani.

"Wifi, umetufungia duka," aliniambia.

"Nimefunga genge."

"Genge limekulalamikia lini?"

Jumanne, 5 Machi

Tumezima alama, mimi na kaka. Alama zetu ni mistari myeupe kwenye mawe na magogo, na kanuni ya baba ni moja: ukisimama kwenye alama, lazima uione inayofuata. Mgeni hahitaji ramani. Anatoka kwenye nyeupe anakwenda kwenye nyeupe, ana bahari mkono mmoja na mlima mkono mwingine, na anafika. Kwa hiyo huwezi kufunga njia kwa kulaza mti tu, watu watauruka. Unaifunga kwa kuzima alama zake. Tumepaka kijivu juu ya nyeupe, rangi ileile ya jiwe, kutoka njia panda hadi kibandani, kisha tukapiga nyeupe mpya kwenye njia ya juu. Miti miwili tumeilaza njia panda vilevile, kwa ajili ya wasiosikia.

Kaka anapaka kwa mkono mtupu, alama zake zinachuruzika kama kamasi. Baba alikuwa anaweka kibati chenye tundu juu ya jiwe kisha anapaka, kingo zikatoka zimenyooka kama mlango. Nilimkumbusha.

"Wageni hawaji kutazama kingo," alisema.

Ndivyo alivyo tangu utotoni. Kila kitu kinatosha.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Nimezibua mitaro ya upande wangu. Wageni wanalalamikia tope la njia ya juu na kwamba bahari haionekani. Nimewaambia bahari ipo, wasiwe na wasiwasi.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kumwona baba, kama kila Jumapili. Anakaa kwa kaka, chumba cha nyuma, dirisha linatazama gengeni. Alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimweleza habari za ufa. Kabla hajafungua mdomo, wifi akajibu, "Baba anasema ni kazi ya Mungu."

Nikamuuliza baba kama mguu unamsumbua bado. Wifi: "Umepona." Nikamuuliza kama anakula. Wifi: "Anamaliza sahani." Nilimuuliza yule mwanamke kama baba amempa na ulimi wake amtunzie. Kaka akainuka kwenda kutazama paa, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Baba alicheka. "Huyu ni mkali," alisema, akinionyesha kwa kidole. "Ni wa nani huyu?"

Tukacheka wote. Baba mzaha wake haujaisha.

Alhamisi, 14 Machi

Alama tatu zimefunuliwa!

Si mvua iliyozifunua. Kijivu kimekwanguliwa kwa brashi ya waya, mikwaruzo iko wazi, na nyeupe mpya imepigwa juu. Miti imevutwa pembeni. Nilisimama pale njia panda nikaona mistari inamwita mtu aende moja kwa moja kwenye ufa.

Nani mwingine ana rangi yetu? Nani mwingine ana brashi ya waya? Na nani anauza chai?

Jambo lililonichoma zaidi: kingo zimenyooka. Kwa kazi ya halali anapaka kamasi, kwa kazi ya wizi anapaka kama fundi wa milango. Kumbe anaweza. Kumbe miaka yote hii ilikuwa dharau tu.

Nimezima zote tatu. Nimerudisha miti.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimfuata kaka kibandani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Ni wewe uliyefunua alama?"

Alichonga kidogo kwanza. "Zimefunuliwa?"

"Usinijibu kwa swali, kaka. Mtu akitumbukia pale utamtoa wewe?"

"Nitazizima."

"Nimeshazizima mimi! Nakuuliza nani kazifunua."

Alitazama upande wa nyumba, akanitazama mimi, akasema, "Haitatokea tena."

Basi. Nani asiye na hatia anasema "haitatokea tena"? Wifi akaniletea kikombe cha chai. Nikakiacha palepale kinatoa moshi.

Jumatano, 20 Machi

Imetokea tena. Alama mbili. Kingo zimenyooka.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua kutwa. Nimezima.

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda kwa baba. Siwezi kukaa meza moja na wale watu nikapitishiwa sukari.

Jumatano, 27 Machi

Nne. Moja iko kwenye jiwe la konani penyewe, upande wa pili wa ufa. Kuipaka lazima uvuke ufa na kupiga magoti pale ambapo chini hamna kitu. Nilizima zile tatu za nyuma. Ile ya konani sikuweza kuifikia tena, ufa umepanuka kidogo, nimeifunika kwa matawi niliyoyarusha kwa mbali. Mtu ana mke, ana baba mzee ndani, anavuka pale kwa ajili ya vikombe vya chai.

Nimemwambia bwana misitu kwamba kuna mtu anazifunua. Aliuliza nani. Nikasema sijui. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwa ajili ya kaka.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika mkono ukiwa na bandeji, nisamehewe mwandiko.

Ukungu ulishuka tangu asubuhi, ule mzito unaoficha hata vidole vya miguu. Nilikuwa juu kwenye mtaro niliposikia filimbi, mlio mrefu, mlio mrefu, kisha kelele. Nilikimbia. Njia panda, miti imevutwa pembeni. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, zote mpya. Katika ukungu hakuna ishara nyingine mtu anayoiona. Jiwe limepotea, bahari imepotea, kimebaki kile kimstari kinachong'aa. Hata mimi ninayeijua njia kama kiganja changu, miguu yangu ilikuwa inazifuata.

Walikuwa watembezi wanne, walimu wa shule moja waliokuja kupumzika. Mwalimu mwenye koti jekundu alikuwa ametumbukia kwenye ufa hadi kiunoni. Mguu mmoja umekwama kwenye jiwe, mwingine unaning'inia. Alituambia anasikia upepo chini ya mguu. Hakupiga kelele, mwenzake ndiye aliyekuwa analia. Yeye alisema kwa sauti ya darasani kabisa, "Naomba mtu asinivute ghafla."

Nilifunga kamba kwenye mti, nikalala chini, nikampitishia kwapani. Wenzake wakashika nyuma yangu. Kamba ilinichuna kiganja chote. Alipotoka, kipande cha ukingo kikaondoka na kiatu chake, na tukasubiri, tukasubiri, ndipo tukasikia maji.

Kaka alifika anahema. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja kama anayetafuta mtu, na alipoona si yule anayemtafuta, nikamwona anashusha pumzi. Anashusha pumzi! Mwanamke wa watu amekaa kwenye matope bila kiatu, na yeye amefarijika!

"Umefurahi?" nilimuuliza. "Wameinywa chai yako?"

"Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo."

Yule mwalimu akauliza, kwa upole tu, "Alama tumezifuata. Alama ni za nani?" Nikaanza kukunja kamba. Ni zetu. Baba alituachia njia hii, na mtembezi kuiamini alama ndiyo urithi wote tulio nao.

Jioni nilikwenda ofisini nikamtaja kaka kwa bwana misitu. Nilisema yote: rangi, brashi, kibanda, "haitatokea tena". Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika kuliko jina langu.

Jumatatu, 8 Aprili

Kaka amesimamishwa kazi. Bwana misitu alimpa nafasi ya kujitetea, akasema hana la kusema. Nimechukua kopo lake la rangi, brashi zake zote, hata ile ya waya. Alinipa bila ubishi, akanisaidia kufunga kifuniko kisimwagike njiani. Ningependa anitukane. Mtu anayekupa kila kitu huna pa kumpiga.

Wifi alikuwa mlangoni. "Umemaliza?" aliniuliza.

"Bado."

Ijumaa, 12 Aprili

Njia yote sasa ni yangu, pande zote mbili. Mgongo unauma. Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Alama mbili. Nyeupe. Kingo zimenyooka.

Rangi yake ninayo mimi. Brashi ninazo mimi. Nimekaa kwenye jiwe mvua ikininyeshea, nikafikiri: kumbe ana kopo jingine alilolificha. Nilikuwa na furaha mbaya, kama mtu aliyeahidiwa ugomvi. Kesho nitamngoja palepale.

Jumanne, 16 Aprili

Si kaka.

Nilifika kulipopambazuka, nikajibanza kwenye magugu karibu na kona. Kulikuwa na manyunyu tu. Nikasikia mtu anakuja anaongea peke yake, anafoka. Nikashika fimbo. Akatokea baba.

Amevaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Mguuni kandambili. Mkono mmoja kopo la zamani lenye kutu, ambalo nadhani limekuwa chini ya kitanda chake tangu alipostaafu; mkono mwingine brashi ya waya, na shingoni, kwenye uzi, kile kibati chenye tundu. Kingo zilizonyooka! Nimeziona mwezi mzima. Nimeziandika humu kwa mkono wangu mwenyewe. Ni nani mwingine duniani anayepaka hivyo?

Alivuka ufa kama anavuka kizingiti cha mlango, akapiga magoti kwenye jiwe la konani, akatupa matawi yangu pembeni, akaanza kukwangua tope.

"Baba," nilisema.

Hakushtuka. "Nyie wa ofisini mmechelewa," alisema. "Kuna mshenzi anapaka njia yangu matope. Kila siku! Nasafisha, anapaka. Nasafisha, anapaka. Nikimkamata nitamnywesha hili kopo."

"Baba, toka hapo. Ardhi inaondoka."

"Ardhi iende wapi? Nimeipasua njia hii mwenyewe, mama, wewe hujazaliwa. Shika kopo."

Nilimwambia kuna ufa. Akasema ufa ulikuwepo siku zote. Nilimwambia chai ipo tayari. Akasema hanywi chai kazini. Nilimwambia mimi ni binti yake. Alinitazama vizuri, kwa adabu, akasema binti yake ana kazi mlimani na hawezi kuwa hapa saa hizi, ni mchapakazi yule. Mawe madogo yalikuwa yanaporomoka chini ya goti lake, nasikia yanavyogonga.

Kuvuka nisingeweza; uzito wetu wawili ungemaliza kazi. Nikarudi nyuma hadi kwenye alama iliyotangulia, nikasimama juu yake, nikasema kwa sauti ya mtu wa ofisini, "Mzee, hapa pana kasoro. Nimesimama kwenye alama na siioni inayofuata."

Aligeuka. "Huioni?"

"Siioni kabisa."

"Haiwezekani!" Alisimama kwa hasira, akaokota kopo, akavuka ufa bila hata kutazama chini, akaja kusimama karibu yangu, kichwa chake usawa wa changu, kutazama ninachokitazama. Nikamkumbatia kwa nguvu zote. Rangi ikamwagika juu yetu sote wawili.

"Mbona inaonekana?" alisema kifuani kwangu. "Una macho gani wewe?"

Jumanne hiyohiyo, jioni

Nilimrudisha nyumbani amenishika mkono, wote wawili tumetapakaa nyeupe. Kaka alikuwa anatoka mbio, shati halijafungwa. Alipotuona akasimama.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alama tangu Machi. Hayo mengine tangu mwaka jana."

"Mwaka jana! Na mimi nakuja kila Jumapili, nakaa pale kama picha!"

"Jumapili tunamwandaa. Wifi yako anamfundisha maneno tangu asubuhi."

Sikuwahi kuwa na hasira kama ile. Alama, koti jekundu, kazi yake, kwamba nimemshtaki mtu asiye na kosa na yeye akanifungia kifuniko cha kopo! "Kwa nini hukusema?"

"Ungemfungia ndani."

"Ningemfungia ndani, ndiyo!"

"Basi ndiyo maana."

"Mwalimu wa watu karibu afe!"

Alikaa kwenye ngazi. Alisema anamfunga kamba ya kengele mguuni, baba anaifungua. Anaficha kopo, baba analia kama mtoto, anamrudishia. Anaamka kabla yake ili amzuie, akipitwa anakwenda kuzima alama. Siku nyingine usingizi unamshinda. "Ule ukungu," alisema, "usingizi ulinishinda."

Wifi alikuwa anamvua baba lile koti, anamfuta rangi masikioni kwa kitambaa na mafuta ya taa, taratibu, anampuliza asiwashwe. Hakunigeukia. "Wewe una Jumapili," aliniambia. "Sisi tuna Jumatatu."

Ningempiga. Nilikaa nikamshikia bakuli.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemweleza bwana misitu kwamba nilikosea. Kaka amerudi kazini. Nimemrudishia kopo na brashi. Sikuomba radhi. Nami sijamsamehe, kwa sababu yule mwalimu angekufa, na ukimya wa kaka ungekuwa umemsukuma. Haya mawili nayabeba pamoja, mazito yote.

Jumapili, 21 Aprili

Tumekaa watatu, bila kuandaana. Kumfungia, kaka hataki. Kumwachia, mimi sitaki. Wifi ndiye aliyetoa neno: "Msimfungie mzee. Malizeni alama. Mnapaka, anakwangua, nyeupe iko chini palepale. Asikute kitu."

Kweli. Tumekuwa tunafunika tu. Nyeupe yake imekaa chini ya kijivu chetu muda wote, na mkono wake unaijua ilipo. Tindo na nyundo, basi. Kung'oa uso wa jiwe.

Jumatano, 24 Aprili

Tumeanza. Baba alisikia nyundo, akaja akishikwa mkono na wifi, akasimama njia panda mvua ikinyesha, akatulaani mmoja mmoja. Alituita wezi, mbwa, watoto wa haramu. Kaka akasema kwa sauti ya chini, "Hilo la mwisho ajiulize mwenyewe," nikacheka kwa uchungu hadi tindo likaniponyoka. Kisha nikaendelea kupiga. Kila jiwe lilitoa tabaka juu ya tabaka: kijivu changu, nyeupe ya juzi, nyeupe ya zamani, na ndani kabisa ya kwanza, imekuwa ya njano. Alianza akiwa kijana kuliko mimi.

"Mwanangu akijua," alikuwa anapiga kelele, "mwanangu wa mlimani akijua, mtaona!"

Nilipiga. Sijawahi kupiga kitu kwa nguvu hivyo.

Jumapili, 28 Aprili

Zote hazipo tena, isipokuwa ile ya konani. Hatuifikii. Nimehamia kwa kaka, chumba cha mbele. Alfajiri ni zamu yangu.

Alhamisi, 2 Mei

Jana mvua haikupumua. Leo asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, sote wanne, kibanda kikatetemeka, vikombe vikagongana. Mlio kama lori linalomwaga mawe, na haukuisha haraka. Tulitoka. Kona haipo. Jiwe, ufa, alama ya mwisho, mahali pa picha, vyote vimeondoka. Mlima umekatwa kama mkate, udongo mwekundu, na bahari chini imechafuka.

Baba alitembea hadi kwenye kamba tuliyoifunga kuzuia watu. Tulimshika kila upande. Alitazama chini, uso umekunjamana. Kisha akanigeukia, amekasirika kweli, kwa sauti ileile aliyotufokea nayo tulipokuwa wadogo tukipaka ovyo.

"Mjinga gani alipitisha njia hapa?"

Kaka alitazama pembeni. Wifi alishika mdomo. Mimi nilikuwa na msimu mzima wa maneno kifuani, mengine nimeyaandika humu na mengine hayaandikiki.

"Sijui, baba," nilisema. "Ni watu wa zamani."

"Watu wataanguka," alisema. "Wapitishe juu. Leo hii. Na ukisimama kwenye alama..."

"Niione inayofuata."

"Eh." Alinitazama kwa makini. "Nani alikufundisha wewe?"

Mchana nimekwenda kuzibua mitaro ya njia ya juu. Kaka alikuja na kopo. Anaweka kibati cha baba juu ya kila jiwe, anakishikilia kwa mikono miwili, mimi napaka.